Dk. Remmy: Yatima Aliyeimba Habari Zetu

Nimeombwa niandike juu ya mtu mashuhuri aliyenigusa nilipokuwa bwenini. Sikusita kumchagua marehemu Ramadhani Mtoro Ongala, yaani Dk. Remmy.

Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa Kongo, enzi za Wabelgiji. Mama yake alikuwa amekwisha kufiwa na watoto, na mganga akamwagiza asimnyoe huyu. Hiyo ndiyo asili ya zile nywele ndefu ambazo wengi walidhani ni za kuiga. Baba alifariki Remmy akiwa mdogo, mama naye akafuata. Shule ikaishia hapo. Kijana akashika gitaa, akapiga katika bendi za Kongo, kisha Uganda na Kenya, bila pa kurudi. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kwa mjomba wake, Mzee Makassy, akaingia Orchestra Makassy. Baadaye akaiongoza Super Matimila, na Tanzania ikawa kwao.

Nami nilikuwa yatima. Likizo zilipofika wenzangu walijua waendako. Mimi nilipokewa zamu kwa zamu, mara Ukerewe, mara Musoma kwa baba mdogo, mara Bukoba kwa shangazi. Jioni moja katika miaka ya 1980, hapa Mwanza, redio ya mpishi wetu ilipiga wimbo wa Remmy uitwao "Kifo". Nilishangaa. Mimi nilikuwa nimeambiwa mwanamume halii. Huyu alikilaumu kifo hadharani, kwa gitaa, na watu wakacheza.

Tangu hapo nilimfuata. Aliimba juu ya mnyonge asiye na haki. Alipotoa "Mambo kwa Soksi", kuhusu kondomu na UKIMWI, Radio Tanzania haikuupiga. Mwaka 1988 alipanda jukwaa la WOMAD huko Ulaya, na 1989 ikatoka albamu ya Songs for the Poor Man. Hata hivyo maskani yake yalibaki Sinza, na kituo cha basi kikaitwa Sinza kwa Remmy. Mtoto asiye na kwao akawapa wengine mahali pa kushukia.

Tarehe 21 Mei, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Shangazi yangu alikuwamo. Nilisimama bandarini siku tatu, na wimbo ule ukanirudia. Safari hii nililia, wala sikuona haya.

Mwishoni Remmy aliugua, akageukia nyimbo za Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba, 2010.

Wadogo zangu mlioko shuleni, siku ya wazazi yuko mwenzenu asiyetembelewa na mtu. Msimwache peke yake bwenini. Mwiteni mle naye, na akianza kusimulia, msikilizeni.

Mungu amlaze marehemu mahali pema. Amina.