Shekhe Ali bin Abdalla bin Nafi al-Mazrui

  Huyu tunayemtaja ni mwanachuoni aliyeonewa mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya ukoo wake, naye ni mtoto, na mara ya pili kwa ajili ya madhehebu yake, naye ni mzee.

Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1825 katika kabila la Mazrui, Waarabu wenye asili ya Oman waliotawala Mombasa na Pemba pia. Wazee wa Chokocho na wa kisiwa kizima walikuwa chini ya hukumu yao hata mwaka wa 1823, Pemba ilipoingia mikononi mwa Sayyid Said bin Sultan.

Mwaka wa 1837 Sayyid Said akaipata na Mombasa. Mazrui walikuwa wamekwisha kukhitilafiana wao kwa wao, na nadhani hilo liliwavunja kuliko mizinga. Liwali wao, Rashid bin Salim, aliahidiwa amani akae mjini. Haukupita muda mrefu, Sayyid Khalid, mwana wa Sayyid Said, akawaita ngomeni wakuu wa kabila. Walipoingia wakashikwa, wakapelekwa Unguja, kisha Bandar Abbas katika nchi ya Uajemi, wakafia kifungoni. Waliosalia hawakungoja zamu yao. Walihama na wake zao na watoto wao, wengine Takaungu, wengine Gasi. (Pwani ile ya Gasi si ngeni kwetu. Januari ya 2001, baada ya watu kuuawa katika maandamano ya siasa, Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, kusini ya Gasi, kutafuta salama.)

Ali alikuwa na umri wa miaka kama 12. Baba yake, Shekhe Abdalla bin Nafi, akamchukua Makka. Basi wale waliotaka kuizima nyumba ya Mazrui ndio waliompeleka mtoto huyu kwa waalimu wakubwa wa zama zile! Alirudi katika miaka ya 1840, akaenda tena Makka kuzidisha ilimu, kisha akawa kadhi wa Mombasa, akisomesha kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ingawa wazee wake wa kale walikuwa Ibadhi.

Hapo ndipo yalipomfika ya pili. Sayyid Said, pamoja na ukali wake kwa Mazrui, aliweka makadhi wa Kiibadhi na wa Kisuni, kila mtu akahukumiwa kwa madhehebu yake. Mwanawe Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870, alipenda ilimu kweli. Ndiye aliyeleta Unguja matbaa iliyopiga chapa vitabu vya Ibadhi. Lakini hakustahamili kuona Ibadhi wakigeukia Usuni kwa darasa za Shekhe Ali. Mwisho wa utawala wake akamtia gerezani. Mtawala mwenye matbaa na wanavyuoni wake angaliweza kumjibu kwa kitabu.

Sayyid Barghash alifariki Machi 1888. Ndugu yake, Sayyid Khalifa bin Said, aliposhika utawala akamfungua Shekhe, naye akarejea kusomesha. Alifariki mwaka wa 1894. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Haukutimia muda, Mazrui wakahama tena. Mbaruk, mwana wa yule Rashid bin Salim aliyefia kifungoni, alipigana na Waingereza, na Aprili 1896 akavuka mpaka na watu wake zaidi ya 1,000 kuingia nchi iliyoshikwa na Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka wa 1910.

Shekhe Ali alimwacha mtoto mdogo aliyezaliwa 1891, jina lake Al-Amin. Alilelewa na jamaa yake, Shekhe Suleiman bin Ali al-Mazrui, akasoma, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka wa 1937, cheo alichodumu nacho hata alipofariki mwaka wa 1947. Ndiye aliyeandika kwa Kiarabu tarikhi ya utawala wa Mazrui wa Mombasa.