Luteni Kanali Tarapore: Kamanda wa Vifaru Aliyekataa Kuondoka Vitani

Jina la Luteni Kanali Ardeshir Burzorji Tarapore halisikiki sana katika nchi zetu hizi, lakini kwa wenzetu wa India, hasa wale wa vikosi vya vifaru, ni jina linalotajwa kwa heshima kubwa. Tumeona vema leo tuwasimulie wasomaji wetu maisha yake, kwani ndani yake mna swali ambalo sisi tuliopitia chuo cha maofisa tuliulizwa mara nyingi darasani na hatukuwahi kulijibu likaisha: je, kamanda akae wapi wakati askari wake wanapokufa?

Tarapore alizaliwa mjini Bombay, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai, tarehe 18 Agosti 1923. Wazazi wake walikuwa Waparsi, yaani wafuasi wa dini ya kale ya Zoroaster, ambao wazee wao walihama Uajemi karne nyingi zilizopita wakakimbilia pwani ya magharibi ya India. Waparsi ni watu wachache, nao wamesifika zaidi kwa biashara na taaluma kuliko kwa bunduki. Hata Unguja walikuwako, wakiwa na hekalu lao la moto. Lakini ukoo huu ulikuwa na masimulizi yake ya vita. Inasemwa kwamba mmoja wa wahenga wao, Ratanjiba, alikuwa kiongozi katika jeshi la Shivaji, yule mfalme mashuhuri wa Wamaratha wa karne ya 17, naye akatunukiwa vijiji 100 kwa uaminifu wake. Kijiji kikuu kati ya hivyo kiliitwa Tarapore, na hilo ndilo jina ambalo ukoo ulijipa.

Baadaye babu yake alihamia Hyderabad na kufanya kazi katika idara ya ushuru ya Nizam. Msomaji akumbuke kwamba India ya wakati wa Waingereza haikuwa nchi moja. Palikuwa na mamia ya tawala za wafalme wa kienyeji, wadogo kwa wakubwa, na Nizam wa Hyderabad alikuwa mmoja wa wakubwa kabisa, mwenye jeshi lake mwenyewe. Basi kijana Tarapore alipomaliza masomo ya sekondari mwaka 1940 katika shule ya bweni ya mjini Poona, ambako hakujulikana sana kwa vitabu bali kwa michezo, aliomba kujiunga na jeshi hilo la Nizam. Mwaka 1942 akapewa cheo cha uofisa katika Kikosi cha 7 cha askari wa miguu cha Hyderabad.

Hakufurahi. Moyo wake ulikuwa kwenye vifaru na magari ya vita, naye alijiona amefungwa mahali pasipo pake. Ukombozi wake ulikuja kwa njia ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeichagua.

Siku moja jeshi la Nizam lilikuwa katika mazoezi ya kutupa mabomu ya mkono, na Mkuu wa Jeshi, Meja Jenerali El Edroos, alikuwapo kukagua. Kuruta mmoja aliingiwa na hofu. Bomu likamponyoka na kuanguka palepale walipokuwa wamesimama. Wale waliowahi kushika bomu la mkono kwa mara ya kwanza wanafahamu jambo hilo: pini ikishatoka, sekunde zinazobaki ni chache mno, nayo magoti huwa hayamsikilizi mwenyewe. Tarapore alirukia shimoni, akaliokota na kulitupa. Lililipuka lilipokuwa likiachana na mkono wake, na vipande vyake vikampiga kifuani. Alipopona, Jenerali alimwita ofisini kumpongeza. Ofisa mwingine angeomba likizo, au angenyamaza akingojea nishani. Tarapore aliomba uhamisho. Akapelekwa kwenye kikosi cha Lancers cha Hyderabad, kilichotumia magari ya vita, na pamoja nacho alihudumu Mashariki ya Kati wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Yaliyofuata ni sehemu ya maisha yake ambayo waandishi wengi huipita mbiombio, nasi tunaona hawatendi haki. India ilipopata uhuru mwaka 1947, Nizam alikataa kuunganisha utawala wake na nchi mpya. Mazungumzo yakavunjika, na tarehe 13 Septemba 1948 majeshi ya India yakaingia Hyderabad chini ya Meja Jenerali J. N. Chaudhuri. Mapigano hayakufika wiki moja. Tarehe 17 Septemba Nizam alitangaza kuyasimamisha, na El Edroos, yule yule aliyempa Tarapore uhamisho, akasalimisha jeshi lake kwa Chaudhuri. Bendera ambayo Tarapore aliapa kuitumikia ikashushwa.

Askari anayesoma habari hizi ataelewa uzito wake. Jeshi likishindwa, maofisa wake hutazamwa kwa jicho la pembeni, hata kama hawana kosa. India ingeweza kumwambia Tarapore aende zake nyumbani, naye angeweza kwenda kwa kinyongo. Halikutokea hili wala lile. Tarehe 1 Aprili 1951 alipokewa katika rejimenti ya Poona Horse, mojawapo ya rejimenti kongwe za India, iliyoanzishwa mwaka 1817. Miongoni mwa heshima za vita za rejimenti hiyo zimo za vita vya Uajemi vya mwaka 1857, hivyo huyu mwana wa wakimbizi wa Uajemi akawa anavaa alama ya kikosi kilichowahi kupigana na nchi ya mababu zake. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na ilipofika mwaka 1965 alikuwa ndiye kamanda wa rejimenti nzima. Mkuu wa Jeshi la India mwaka huo alikuwa Jenerali Chaudhuri, yule aliyepokea silaha za Hyderabad.

Vita vya mwaka 1965 kati ya India na Pakistan vilianzia Kashmir mwezi Agosti. Mwanzoni mwa Septemba Pakistan ilishambulia kwa nguvu upande wa Chhamb, na India ikajibu kwa kuvuka mpaka upande wa Punjab, kwanza kuelekea Lahore na kisha kuelekea Sialkot. Upande huu wa Sialkot ndipo Divisheni ya 1 ya Vifaru ya India ilipoingia tarehe 8 Septemba, Poona Horse ikiwa miongoni mwa vikosi vyake. Mwanzo haukuwa mzuri. Vifaru vya Pakistan, ingawa vilikuwa vichache, vilisimama imara na kuwazuia Wahindi siku hiyo hiyo, na siku kadhaa zikapotea. Tunayasema haya kwa sababu sifa za Tarapore hazihitaji kujengwa juu ya dharau kwa adui yake. Askari wa Pakistan walipigana kiume.

Tarehe 11 Septemba Poona Horse ilipewa kazi ya kuwa ncha ya mkuki katika kuiteka Phillora. Rejimenti ilikuwa ikijipenyeza kati ya Phillora na Chawinda, ili kuushambulia mji kutoka nyuma, ghafla vifaru vizito vya Pakistan vikatokea upande wa Wazirwali. Mpango wote ungeweza kuharibika hapo. Tarapore alikuwa mbele ya rejimenti yake. Hakurudi nyuma kujipanga upya. Aliikabili hatari pale ilipomkuta, kisha akaishambulia Phillora kwa kombania moja ya vifaru na kikosi cha askari wa miguu. Phillora ikaanguka siku hiyo. Naye alikuwa amejeruhiwa.

Aliamriwa aondolewe apelekwe nyuma kwa matibabu. Akakataa.

Hapa ndipo linaporudi lile swali la darasani. Walimu wetu walitufundisha kwamba kamanda wa rejimenti si wa kuhatarishwa ovyo, kwani akifa yeye, kichwa cha kikosi kimekatwa. Ni mafundisho ya kweli. Lakini vita vya vifaru vina tabia yake. Kifaru cha Centurion, ambacho Poona Horse ilikitumia, huzidi tani 50 na hubeba watu wanne. Mashamba ya eneo lile yalikuwa yamejaa mazao marefu, vumbi linafunika kila kitu, na mambo hugeuka kwa dakika. Anayeongoza kwa redio akiwa mbali husikia habari za jambo lililokwisha kupita. Tarapore aliongoza akiwa amesimama kwenye kilango cha juu cha kifaru chake, macho nje, nao askari wake walimwona. Kwa maoni yetu, mahali pale na siku zile, alifanya lililopaswa. Hatungethubutu kumwamuru mwenzetu afanye vivyo hivyo.

Tarehe 14 Septemba, jeraha likiwa bado bichi, aliiongoza rejimenti kuitwaa Wazirwali. Tarehe 16 akaiongoza tena hadi Jassoran na Buttur-Dograndi, vijiji viwili ambavyo vikishikwa vingewapa askari wa miguu nafasi ya kuishambulia Chawinda kutoka nyuma. Kifaru chake kilipigwa mara kadhaa. Alivishikilia vijiji hivyo chini ya moto wa mizinga, na siku hiyo hiyo akapata pigo lililomwua. Alikuwa na umri wa miaka 42. Imepungua siku moja tu kutimia miaka 17 tangu Nizam asimamishe mapigano.

Aliagiza mapema kwamba akifa mwili wake uchomwe palepale uwanjani. Hiyo si desturi ya Waparsi, ambao maiti zao kwa kawaida huwekwa kwenye minara maalumu. Askari wake waliitimiza haja yake.

Hati ya nishani yake inasema kwamba katika siku zile sita rejimenti iliangamiza vifaru vya adui vipatavyo 60 na kupoteza tisa tu. Hesabu za vita huandikwa na kila upande kwa kalamu yake, na Pakistan ina hesabu zake. Kilicho wazi ni kwamba mapambano ya Phillora na Chawinda ni miongoni mwa makubwa ya vifaru tangu Vita Kuu ya Pili, na kwamba Chawinda yenyewe haikuanguka. Mapigano yalisimama usiku wa kuamkia tarehe 23 Septemba. Kwa mapatano ya Tashkent ya mwezi Januari 1966, kila upande ulirudi ulikotoka. Phillora, Wazirwali, Jassoran na Buttur-Dograndi zikawa tena mikononi mwa Pakistan, pamoja na udongo uliopokea majivu ya kamanda.

India ilimtunukia Tarapore Param Vir Chakra, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa vitani. Katika vita vile walioipata ni wawili tu. Mwingine alikuwa Abdul Hamid, Mwislamu, askari wa ngazi ya chini aliyeviharibu vifaru kadhaa vya Pakistan karibu na Khem Karan kwa mzinga uliofungwa juu ya gari la Jeep, naye pia hakurudi nyumbani. Mwaka 2023 visiwa 21 vya Andaman na Nicobar vilipewa majina ya mashujaa wa nishani hiyo, na kimoja kinaitwa Tarapore.

Miaka sita baada ya kifo chake, India na Pakistan zilipigana tena, na Poona Horse ikarudi katika wilaya ile ile ya Sialkot. Tarehe 16 Desemba 1971, kwenye mapambano ya Basantar, Luteni wa Pili Arun Khetarpal aliamriwa kwa redio akiache kifaru chake kilichokuwa kikiwaka moto. Alikataa kwa sababu mzinga wake ulikuwa bado unafanya kazi, akaendelea kupiga hadi alipouawa. Naye alipewa Param Vir Chakra. Alikuwa na umri wa miaka 21, na ilikuwa miezi sita tu tangu atoke chuoni.