Shaaban Robert: Karani aliyejifunzia uandishi gazetini

WAKATI vijana wa Raskazone, Tanga, wakichagua kozi za uzamili za uandishi wa habari ili waingie redioni, yafaa kumkumbuka marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, kusini mwa mji huo, Januari 1, 1909.

Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akawa karani wa forodha hadi 1944. Chuo cha habari hakikuwapo. Mashairi aliyoyapeleka katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, ndiyo yaliyomtambulisha kwa wasomaji.

Baadaye aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928.

Alifariki Juni 20, 1962. Mtangazaji ajaye, kozi yoyote atakayoichagua, bado atahitaji Kiswahili fasaha kama chake.