Alice Hamilton: Daktari aliyeifuata sumu kutoka kiwandani hadi barabarani

Daktari Alice Hamilton alipoaga dunia mnamo Septemba 22, 1970, nyumbani kwake Hadlyme katika jimbo la Connecticut, Marekani, alikuwa na umri wa miaka 101. Desemba ya mwaka huo huo, serikali ya nchi yake ilianzisha Shirika la Kulinda Mazingira, naye Rais Richard Nixon akatia sahihi sheria ya usalama na afya kazini. Asasi ya kwanza ilikusudiwa kumlinda mkazi wa mtaani, na sheria ile kumlinda mfanyakazi wa kiwandani. Hamilton alikuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kudhihirisha kwamba watu hao wawili hudhuriwa na sumu ile ile.

Alizaliwa Februari 27, 1869 jijini New York na kulelewa Fort Wayne, Indiana, katika ukoo wenye uwezo uliowasomesha mabinti wake nyumbani. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka wa 1893, kisha akaenda Ujerumani kuongeza elimu wakati ambapo wanawake hawakukaribishwa vyuoni humo. Mwaka wa 1897 alihamia Chicago kufundisha, akafanya makao yake Hull House, nyumba ya huduma kwa maskini ambayo Jane Addams alikuwa miongoni mwa waasisi wake.

Kuishi kati ya wahamiaji kulimfunza mambo ambayo hakuyapata darasani. Homa ya matumbo ilipozuka mtaani humo mwaka wa 1902, alichunguza nzi waliotoka kwenye vyoo vibovu, na matokeo yake yakasifiwa sana. Baadaye ilibainika kwamba maji taka yalikuwa yamepenya katika mabomba ya maji ya kunywa, na wakuu wa jiji wakalificha jambo hilo. Yeye mwenyewe alikiri kwamba sifa zile hazikumstahili.

Majirani zake wanaume walirudi kutoka viwandani wakiwa wamepooza vifundo vya mikono, wakiumwa na tumbo na kupoteza fahamu. Mwaka wa 1910 jimbo la Illinois lilimteua kuongoza uchunguzi wa maradhi yatokanayo na kazi, naye akashughulikia madini ya risasi. Wenye viwanda walidai kwamba wafanyakazi walijiletea maradhi kwa kula bila kunawa. Hamilton alionyesha kwamba adui mkubwa alikuwa vumbi na mvuke waliokuwa wakivuta puani.

Hakutosheka na maelezo ya mameneja. Aliingia viwandani, akapekua rekodi za hospitali na kubisha hodi majumbani. Wakati mmoja alikutana na mgonjwa aliyekuwa akipaka enameli kwenye mabafu ya kuogea. Alipozuru kiwanda hakuona hatari yoyote. Ni baada ya kuwatembelea wafanyakazi nyumbani kwao ndipo alipofahamu kwamba alikuwa ameonyeshwa hatua ya mwisho tu ya kazi; unga wenye risasi ulinyunyiziwa chuma cha moto mahali pengine. Uchunguzi huo ulifichua zaidi ya shughuli 70 za viwandani zilizotumia risasi, pamoja na visa 578 vya watu waliodhurika. Mwaka wa 1911 Illinois ikatunga sheria ya kuwakinga wafanyakazi.

Mwaka wa 1919 akawa mwanamke wa kwanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard. Aliwekewa masharti: asiingie klabu ya wahadhiri, asidai tiketi za mchezo wa futiboli ya Kimarekani, wala asiandamane na wenzake siku ya mahafali. Alistaafu mwaka wa 1935 akiwa angali profesa msaidizi.

Mtihani mkubwa zaidi ulimkabili mwaka wa 1925. Kampuni za magari na mafuta zilikuwa zimeanza kutia petroli kemikali ya risasi ili injini zisigonge. Oktoba 1924, katika kiwanda kimoja huko New Jersey, wafanyakazi watano walifariki baada ya kurukwa na akili, na makumi ya wenzao wakalazwa hospitalini. Serikali iliitisha mkutano jijini Washington mnamo Mei 20, 1925. Watengenezaji walishikilia kwamba dosari ilikuwa ndani ya kiwanda na ingerekebishwa. Hamilton alikuwa miongoni mwa wachache waliotazama nje ya lango. Alionya kwamba risasi haipotei ikichomwa. Hutoka na moshi wa magari, ikatua barabarani na kuvutwa na wapita njia. Kiwanda kinaweza kufungwa madirisha na kuwekewa mitambo ya kufyonza vumbi, lakini barabara za nchi nzima haziwezi.

Hakusikizwa. Mwaka wa 1926 kamati ya wataalamu haikuona sababu ya kutosha ya kupiga marufuku petroli hiyo, nayo ikaenea ulimwenguni. Marekani iliiondoa kabisa kwa magari ya barabarani mwaka wa 1996. Kenya iliachana nayo mwaka wa 2006. Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho kuitumia kwa magari, ilikuwa imekoma kuiuza. Zilikuwa zimepita karibu miaka 100 tangu onyo lile.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru waliofanya kazi ndani na watoto waliocheza nje ya ukuta wake. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirejesha fidia ya Sh1.3 bilioni kwa wakazi. Kesi hiyo haikuwa na jambo geni kwa yeyote anayeyafahamu maisha ya Alice Hamilton: vumbi linalomuua fundi halisubiri ruhusa kuvuka ua.