George Stephenson, Mchunga Ng'ombe Aliyeunda Magarimoshi



Ukitoka hapa Matombo ukafika mjini Morogoro, utasikia honi ya garimoshi. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani. Watu wa nchi hii ndio waliokata miti, wakachimba udongo na kubeba mawe ili reli hiyo ipite.

Lakini garimoshi lenyewe lilitoka wapi? Leo nitakusimulia habari za mtu mmoja aliyefanya kazi kubwa kuliunda. Nimemchagua kwa sababu anafanana na wewe. Hakwenda shule utotoni. Alipofika umri wa miaka 18 hakuweza kuandika hata jina lake.

Mtu huyo ni George Stephenson. Tamka hivi: Joji Stivenson. Usiogope jina lake. Lisome mara mbili tatu, litazoeleka.

George alizaliwa tarehe 9 Juni, 1781, katika kijiji cha Wylam, kaskazini ya Uingereza. Baba yake, Mzee Robert, alikuwa mchochea moto wa mashine mgodini. Mgodi huo ulikuwa wa makaa ya mawe, yaani mawe meusi yanayowaka kama kuni. Mshahara wa Mzee Robert ulikuwa shilingi 12 za Kiingereza kwa wiki, naye alikuwa na watoto sita. Nyumba yao ilikaliwa na familia nne. Akina Stephenson walikuwa na chumba kimoja, na sakafu yake ilikuwa ya udongo. Shule ilikuwa ya kulipia, kwa hiyo watoto hawakwenda. Baba na mama nao hawakujua kusoma.

Mbele ya mlango wao ilipita njia ya reli za mbao. Farasi walivuta mabehewa ya makaa ya mawe juu ya reli hizo. Kazi ya kwanza ya George ilikuwa kuchunga ng'ombe wa mama mmoja mjane, wasiingie katika njia ya mabehewa. Alilipwa peni 2 kwa siku. Peni 12 zilikuwa shilingi moja, basi hesabu mwenyewe uone malipo yake yalivyokuwa madogo.

Sasa angalia jambo hili. Umewaona watoto wetu wanavyounda magari ya miti, wakakata ndala kuukuu kufanya magurudumu. George naye alikuwa hivyo. Ng'ombe wakila majani, yeye na rafiki yake walichukua udongo wa mfinyanzi wakafinyanga mashine ndogo. Mabua yenye tundu ndani yalikuwa mabomba ya mvuke. Walifanya mifano ya mashine walizoziona mgodini. Mfano ni kitu kidogo kinachofanana na kile kikubwa. Mtu akiunda mfano vizuri, analazimika kujua kila kipande kinakaa wapi na kinafanya kazi gani. Watu wazima huuona mchezo wa namna hiyo kuwa ni upuuzi. Mimi sioni hivyo.

George alipokua alipata kazi mgodini. Kwanza aliokota mawe mabaya katika makaa. Halafu akawa mchochea moto kama baba yake. Alipofika miaka 17 alipewa kuangalia mashine ya kuvuta maji, kazi iliyokuwa kubwa kuliko ya baba yake. Siku ya Jumamosi, wenzake walipopata mshahara na kwenda kunywa pombe, yeye alibaki. Aliifungua mashine yake, akasafisha kila kipande, akakitazama, akakirudisha mahali pake. Aliendelea pia kufinyanga mifano ya udongo.

Hapo ndipo alipokwama. Wafanyakazi walikuwa wakikaa jioni karibu na moto wa mashine, na mmoja aliyejua kusoma aliwasomea wengine gazeti. George alisikia kuwa kuna mashine mpya za fundi mkubwa, James Watt, na kwamba habari zake zimeandikwa vitabuni. Alitaka kuunda mifano yake. Lakini atajuaje zilivyo, naye hawezi kusoma?

Basi akaenda kujifunza. Alikuwa na miaka 18, ana kazi na mshahara. Katika kijiji cha Walbottle palikuwa na mwalimu maskini aliyeitwa Robin Cowens, aliyefundisha jioni. George alikwenda kwake jioni tatu kila wiki, akalipa peni 3 kwa wiki. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi mchana kutwa. Wewe unajua vile kope zinavyokuwa nzito saa hizo. Nimewahi kumwona mama mmoja akija darasani na daftari limefichwa chini ya kanga, ili majirani wasimcheke. George alikuwa na bahati, kwa maana yeye hakuwaonea haya majirani.

Alipofika miaka 19 aliweza kuandika jina lake. Kisha akaenda kwa mwalimu wa pili, Andrew Robertson, kujifunza hesabu. Mwalimu aliandika hesabu kwenye kibao. George alikwenda na kibao kazini, akazifanya hesabu hizo karibu na moto wa mashine kila alipopata dakika chache. Jioni alimrudishia mwalimu, akapewa nyingine.

Mwaka 1802 alioa. Mke wake aliitwa Frances. Mwaka 1803 walipata mtoto wa kiume, Robert. Halafu walipata binti, naye akafa akiwa mchanga. Mwaka 1806 Frances naye akafa kwa kifua kikuu. George alimwacha mtoto nyumbani, akaenda kwa miguu mpaka Uskochi kutafuta kazi. Aliporudi alimkuta baba yake amekuwa kipofu. Mvuke wa mashine ulikuwa umemwunguza macho. George alilipa madeni ya baba yake, akamtunza. Karibu ahamie Marekani kwa ajili ya shida.

Sasa tufike kwenye wiki moja ya mwaka 1811. Wiki hiyo ndiyo iliyogeuza maisha yake.

Wakati huo George alikuwa mfanyakazi wa kawaida katika mgodi wa Killingworth. Shimo jipya lilikuwa limechimbwa, nalo lilijaa maji. Mashine kubwa ilikuwa imewekwa kuyavuta. Ilifanya kazi karibu mwaka mzima, lakini maji hayakupungua. Mafundi wote wa pale walijaribu, wakashindwa.

Mashine za namna hiyo zilifanya kazi hivi. Maji huchemshwa mpaka yawe mvuke. Mvuke huingia katika silinda, yaani pipa refu la chuma lenye kizibo kinachopanda na kushuka. Kisha maji ya baridi hunyunyizwa ndani ya pipa. Mvuke hupoa ghafula ukawa matone. Ndani ya pipa pakawa patupu, na hewa ya nje ikakisukuma kizibo chini kwa nguvu. Kizibo kimefungwa kwenye boriti ndefu kama mti wa mzani. Upande huu ukishuka, upande wa pili unapanda na kuvuta maji kutoka shimoni.

George alikwenda mara nyingi kuitazama mashine hiyo. Hakusema mengi. Siku moja mwenzake alimwuliza anaionaje. Alijibu kuwa anaweza kuitengeneza, na baada ya wiki moja watu watafika chini ya shimo. Maneno hayo yalimfikia Ralph Dodds, msimamizi wa migodi. Dodds hakuwa na la kupoteza tena, akamkubalia. George alitoa sharti moja: wafanyakazi wa kumsaidia atawachagua mwenyewe. Mafundi wa zamani walinuna sana.

Fikiri hatari aliyojitia, ndugu msomaji. Alikuwa na mtoto na mzee kipofu wa kuwalisha. Kama angeshindwa, nani angempa kazi tena baada ya kuwaudhi mafundi wote?

Jumapili walianza kuifungua mashine. George alikuwa ameona kasoro iko wapi. Maji ya baridi yalikuwa yakiingia machache, tena bila nguvu. Mvuke haukupoa upesi, kwa hiyo kizibo hakikushuka vizuri. Akapanua tundu la kupitisha maji hayo. Akaliinua tangi la maji ya baridi kiasi cha mita 3, ili maji yaanguke kwa nguvu. Alibadilisha na mambo mengine, mchana na usiku, mpaka Jumatano. Walipoiwasha, kwanza mashine ilirukaruka mpaka nyumba ikatikisika. Dodds akaogopa kwamba kuta zitabomoka. Baadaye ikatulia. Alhamisi ilivuta maji kutwa. Ijumaa mchana shimo lilikuwa limekauka, na watu waliteremka mpaka chini.

Dodds alimpa paundi 10. Kwa George zilikuwa fedha nyingi sana. Mwaka 1812 alifanywa fundi mkuu wa mashine za mgodi, kwa mshahara wa paundi 100 kwa mwaka.

Kwa fedha zake alimsomesha Robert. Alimnunulia punda wa kumpeleka shule katika mji wa Newcastle. Jioni mtoto alirudi na vitabu, na baba na mwana walisoma pamoja. Yale George aliyoyakosa utotoni aliyapata kwa mgongo wa punda huyo. Nyumba yao ilijaa mifano ya mashine kila pembe. Kuna mfano mmoja uliomsumbua: alitaka kuunda mashine itakayozunguka milele bila moto wala maji. Kitu hicho hakiwezekani, na watu wengi wenye akili wamepoteza miaka yao humo. George aliachana nacho.

Mwaka 1814 alimaliza garimoshi lake la kwanza. Liliitwa Blücher. Lilivuta mabehewa 8 yenye uzito wa tani 30 kupanda mwinuko, kwa mwendo wa kilomita 6 hivi kwa saa. Mtu mzima akitembea haraka anakwenda sawa nalo. Tusimpe George sifa isiyo yake: hakuwa wa kwanza. Richard Trevithick alikuwa amekwisha kuendesha garimoshi juu ya reli huko Wales mwaka 1804. Lakini reli za wakati ule zilivunjika kwa uzito wa mashine. George alitengeneza garimoshi, akatengeneza na reli ya kulibeba. Hapo ndipo alipowashinda wengine.

Mwaka 1825 matajiri walitaka ajenge reli kati ya miji ya Liverpool na Manchester. Ilibidi Bunge likubali kwanza. Wanasheria walimhoji George siku tatu. Walimcheka kwa lafudhi yake ya mgodini. Basi wangecheka bure, lakini kulikuwa na kosa la kweli. Vipimo vya njia vilikuwa vibaya. George alikuwa amewaachia vijana wake kazi ya kupima, naye hakuikagua. Bunge likakataa. Ilikuwa aibu kubwa, na sehemu ya aibu hiyo ilikuwa yake.

Hata hivyo mwaka huohuo, tarehe 27 Septemba, ilifunguliwa reli nyingine aliyoijenga, kati ya Stockton na Darlington. George mwenyewe aliliendesha garimoshi, na mamia ya watu walipanda. Mwaka 1826 Bunge lilikubali reli ya Liverpool, naye akaitwa kuijenga.

Mwezi Oktoba 1829 wenye reli hiyo waliita mashindano ya magarimoshi mahali paitwapo Rainhill. Zawadi ilikuwa paundi 500. Baba na mwana walileta garimoshi lao, Rocket, lililoundwa chini ya usimamizi wa Robert. Mashindano yalichukua zaidi ya wiki moja. Mengine yote yalishindwa. Rocket peke yake lilimaliza safari zote, na mara moja lilikimbia karibu kilomita 47 kwa saa. Watu wa wakati ule hawakuwahi kuona kitu kama hicho.

Reli ilifunguliwa tarehe 15 Septemba, 1830. Siku hiyo ya furaha iliingia msiba. Mbunge mmoja, William Huskisson, aligongwa na Rocket. George alimpakia katika garimoshi jingine, akaliendesha mwenyewe mbio kumpeleka kwa madaktari. Haikusaidia. Mbunge huyo alikufa jioni ile.

George Stephenson alifariki tarehe 12 Agosti, 1848, akiwa na umri wa miaka 67. Robert alikuwa mhandisi mkubwa wa reli na madaraja.

Limebaki jambo moja dogo. George alipojenga reli zake alifuata upana wa njia ya mabehewa ya Killingworth, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Upana huo, baada ya kuongezwa kidogo, ni milimita 1,435. Nchi nyingi duniani ziliufuata. Reli ya Wajerumani hapa kwetu haikuufuata. Upana wake ni mita moja tu. Lakini mwezi Juni 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, juu ya reli mpya. Ukifika Morogoro, tazama reli zote mbili. Ile pana ina milimita 1,435.