Sayyid Ahmad bin Sumeit: Kadhi wa Unguja aliyefuata elimu hadi Istanbul

Muda mrefu kabla ya vyuo vikuu kuanza kutoa ufadhili wa utafiti na balozi kutangaza nafasi za masomo ng'ambo, wanavyuoni wa Unguja walikuwa wakivuka bahari kwenda kusoma na kusomesha. Miongoni mwao ni Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi mashuhuri wa Zanzibar aliyefariki dunia mwaka 1925.

Alizaliwa mwaka 1861 huko Itsandra, Ngazija. Baba yake, Sayyid Abubakar, alikuwa mwanachuoni na mfanyabiashara mwenye asili ya Shibam, Hadhramaut. Ahmad mwenyewe aliwahi kuwa nahodha katika ujana wake, na pengine ndiyo sababu masafa hayakumtisha. Akiwa na umri wa takriban miaka 20 alikwenda Hadhramaut kusoma kwa masharifu wa nchi ya wazee wake. Aliporejea Unguja, Sultani Barghash alimpa ukadhi angali kijana.

Cheo hicho hakikudumu. Kadhi alikosana na mtawala aliyemteua, na katikati ya miaka ya 1880 akauacha mji na kwenda Istanbul. Huko alipokelewa na Sayyid Fadhl Pasha, sharifu wa Malabar ambaye Waingereza walikuwa wamemlazimisha kuondoka India, na ambaye sasa alikuwa karibu na Sultani Abdulhamid wa Pili.

Utaratibu wa zama hizo haukuwa na fomu wala kamati. Mwenyeji alitoa malazi na kumfungulia mgeni milango ya wakubwa na wanavyuoni. Mwalimu aliyeridhika alimwandikia mwanafunzi ijaza, yaani idhini ya kusomesha yenye kutaja silsila ya walimu waliotangulia, na hati hiyo ilitambulika kutoka Makka hadi visiwa vya Jawa. Sayyid Ahmad alizuru pia Misri, Makka na Jawa. Asingelikosana na Barghash, huenda elimu yake isingelipata upana huo.

Barghash alifariki mwaka 1888. Mwaka huohuo Sayyid Ahmad alirejea, na Sultani Khalifa akamrudisha katika ukadhi. Darsa zake na za sahibu yake, Sheikh Abdallah Bakathir wa Ukutani, ziliufanya Mji Mkongwe kuwa mahali pa kuendewa. Kutoka Mombasa alikuja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Bakathir naye, mzaliwa wa Lamu, alitumwa hadi Cape Town kuwapatanisha Waislamu waliokuwa wakigombana.

Masahibu hao wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Sayyid Ahmad alizikwa penye Msikiti wa Ijumaa wa Malindi. Mwanawe, Sayyid Umar, aliyesoma Hadhramaut kama baba yake, naye alikuwa kadhi Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 aliondoka visiwani, akamalizia umri wake Ngazija.