John Hancock: vita vya Ulaya vilimtajirisha, ushuru ukamfanya mwasi

John Hancock alizaliwa Januari 1737 huko Braintree, Massachusetts, wakati huo koloni la Uingereza. Baba yake, mchungaji, alifariki 1744. Mtoto akachukuliwa na baba yake mdogo, Thomas Hancock, mfanyabiashara wa Boston asiyekuwa na mtoto.

Thomas alianza kwa kuuza vitabu, lakini kilichomtajirisha ni vita. Wafalme wa Ulaya walipogombania urithi wa Austria, ugomvi ulivuka bahari. Mwaka 1745 wanamgambo wa Massachusetts na makoloni jirani waliiteka Louisbourg, ngome ya Wafaransa iliyotishia wavuvi na merikebu zao. Mwaka 1748 wakubwa wakapatana: Ufaransa ikarudishiwa Louisbourg, Uingereza ikarudishiwa Madras, India. Waliozika ndugu zao ngomeni hawakuulizwa. Thomas hata hivyo alikuwa amevuna, kwa kuwa ndiye aliyewapelekea askari chakula na vifaa. Vita vya Miaka Saba vikampa tenda kubwa zaidi.

Mwaka 1763 amani ilirudi, na John akafanywa mbia. Mwaka uliofuata Thomas alifariki, na kijana wa miaka 27 akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Boston. Nyumba hiyo ilikuwa na watumwa pia, jambo ambalo wanaomsifu kwa kupigania uhuru hulipita haraka.

Alirithi biashara wakati mbaya. Jeshi lilikuwa limepunguza manunuzi na wadaiwa hawalipi. Januari 1765 Nathaniel Wheelwright, tajiri mwingine wa tenda za jeshi ambaye watu walimwekea fedha zao, alifilisika na kuwaangusha wengi.

Hapo ndipo London ilipoleta hesabu yake. Vita vilikuwa vimeongeza deni la Uingereza karibu mara mbili, na serikali ikataka makoloni yachangie. Sheria ya Sukari ya 1764 kwa kweli ilipunguza ushuru wa molasi, kutoka peni 6 kwa galoni hadi 3. Tatizo ni kwamba safari hii ulikusudiwa kukusanywa. Zamani maofisa walifumba macho kwa chochote kidogo. Sasa kila shehena ilidaiwa karatasi, na kesi ziliweza kupelekwa Halifax, mbali na Boston, mbele ya hakimu asiye na baraza la wazee. Mwaka 1765 ikaja Sheria ya Stempu, iliyogusa hata hati za kuondokea bandarini. Wafanyabiashara waligoma kuagiza bidhaa za Uingereza, Hancock akiwa mmoja wao, na sheria ikafutwa 1766.

Mwaka 1767 ushuru mwingine uliwekwa. Mei 1768 merikebu yake ndogo, Liberty, ilitia nanga ikiwa na mvinyo wa Madeira. Mapipa makubwa 25 yalilipiwa. Forodha ilishuku kwamba mengine yalishushwa usiku, na Juni 10 chombo kikakamatwa. Watu wa mji waliwashambulia maofisa, nao wakakimbilia ngome ya kisiwani. Ilipofika Oktoba, askari wa Uingereza walikuwa wanapiga kambi Boston. Hancock alidaiwa pauni 9,000; John Adams akamtetea, na Machi 1769 kesi ikaondolewa bila magendo kuthibitishwa. Liberty haikurudi kwake. Iligeuzwa chombo cha doria ya forodha, na 1769 watu wa Newport wakaichoma moto.

Mei 1775, mapigano yakiwa yameanza, alichaguliwa rais wa Kongresi ya makoloni, na mwaka uliofuata akatia saini yake kubwa kwenye Azimio la Uhuru. Ufaransa ilijiunga 1778, ikilipiza kisasi cha vita vilivyopita, na Hancock akawakirimu nyumbani kwake maofisa wa manowari za Wafaransa waliokuwa maadui wa baba yake mdogo.

Alifariki Oktoba 8, 1793, akiwa gavana wa Massachusetts, mali yake ikiwa imepungua sana. Mpaka leo Mmarekani anayeombwa kuweka saini huweza kuambiwa aweke John Hancock yake.